Uzamifu wa biashara: Uliza msimamizi kwanza, joho baadaye

Kijana wa Kiganjo anayetaka shahada ya uzamifu katika biashara halazimiki tena kuhamia Nairobi. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kiko hapo tu, barabara ya kwenda Mweiga, na Chuo Kikuu cha Karatina ni safari fupi ya matatu. Vyote ni vya umma. Mbona basi wengi huanza kwa mbwembwe, kisha ukiwauliza baada ya miaka mitano wanabadilisha mada?

Masomo ya darasani watu hupita. Balaa huanza kwenye tasnifu, na hapo maisha yako yamo mikononi mwa msimamizi.

Kanuni za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) za 2014 zinasema mhadhiri asisimamie zaidi ya wanafunzi watatu wa uzamifu kwa mwaka. Sasa piga hesabu. Idara yenye wahadhiri watano waliohitimu kusimamia ina nafasi 15. Lakini kila mwanafunzi huhitaji wasimamizi wawili, kwa hivyo wanaotoshea ni saba hivi. Darasa likiwa na watu 30, wengine watasubiri nani?

Kanuni hizo hizo ndizo zilizofanya uzamifu kuwa tiketi ya kufundisha chuoni, na watu wakakimbilia biashara kwa sababu haihitaji maabara. Juni 2019, Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT) kilitoa shahada 118 za uzamifu kwa siku moja, nyingi zikiwa za biashara na usimamizi. Nchi nzima ikashtuka, CUE ikaanzisha uchunguzi. Aliyekesha miaka akiandika kazi safi akajikuta akitiliwa shaka pamoja na wengine wote. Hilo ndilo linaloniuma zaidi katika kisa kile.

Na ajira? Tusidanganyane. Vyuo vya umma vina madeni, na wenye uzamifu wanafundisha kama vibarua wakisubiri malipo. Ukienda kwa sababu ya cheo pekee, utaumia.

Ukienda na swali, ni hadithi tofauti. Tasnifu nyingi za biashara zinafanana: athari ya kitu fulani kwa utendakazi wa benki fulani, dodoso likasambazwa, basi. Ilhali hapa Nyeri maswali yamelala barabarani. Mbona viwanda viwili vya kahawa vilivyo jirani hulipa wakulima bei tofauti kwa kilo? KCC, yenye kiwanda papa hapa Kiganjo, iliuzwa mwaka wa 2000 na serikali ikaichukua tena 2003. Mfugaji alipata nini, alipoteza nini? Yaani unaweza kufanya utafiti huo na bado urudi nyumbani kwa chai ya saa kumi (kibali cha NACOSTI ukiwa nacho, lakini).

Kwa hivyo kabla ya kutuma karo, nenda idarani. Uliza ni nani hasa atakusimamia, ana wanafunzi wangapi sasa, na ni wangapi wake waliomaliza miaka mitatu iliyopita. Ukiambiwa “utapangiwa baadaye”, pesa zako zibaki kwenye sacco kwanza.