MELI YA UMMA HAIUZWI KWA KILO

Ndugu wanachama, sisi watu wa Kagongwa twazijua mashine. Mashine ya kukoboa mpunga ikikatika mkanda, au beringi zake zikichakaa, mwenye mali humwita fundi siku ile ile. Hamwiti mnunuzi wa chuma chakavu. Ajua kwamba mnunuzi yule hulipa kwa kilo, na kilo hazikoboi mpunga.

Lakini mali ikiwa ya umma, maneno hugeuka. Utawasikia watu vijiweni wakisema: "Limezeeka hilo, liuzwe!" Leo twataka kulijibu neno hilo, na shahidi wetu ni meli ya Victoria.

Meli hii iliundwa Uskoti na kampuni ya Yarrow, ikaletwa vipande vipande hadi Kisumu, ikaunganishwa huko. Ilianza kazi mwaka 1961, mwaka ule ule wa Uhuru wa Tanganyika, nayo ikazunguka bandari za nchi tatu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, ikawa yetu. Kwa miaka mingi ilibeba watu na ndizi kati ya Bukoba na Mwanza, hata ikachoka, na mwaka 2014 ikasimama.

Je, iliuzwa? La. Mwaka 2018 Serikali ilitia saini mkataba na kampuni ya Korea Kusini, kwa gharama ya zaidi ya shilingi bilioni 20. Injini mpya zikafungwa, na mwaka 2020 ikarudi ziwani kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu, yenye nafasi ya abiria 1,200 na mizigo tani 200. Kama ingalikatwa na kupimwa kwenye mizani, fedha ile ingalikwisha zamani, na chombo tusingalikuwa nacho.

Wako wasemao kwamba chombo kikuukuu huua. Usalama si jambo la mzaha, nasi hatuutanii. Lakini MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya ndugu zetu, ilikuwa changa kuliko Victoria. Ilijazwa watu kupita kiasi. Uzembe hauulizi umri wa meli.

Wako pia wasemao kwamba tunayo meli mpya, MV Mwanza Hapa Kazi Tu, iliyoshushwa majini mwaka 2023, basi ya kale ni ya nini? Mkulima akinunua jembe jipya halitupi la zamani lingali na makali.

Hata mkoloni aliijua thamani ya chombo. Mwaka 1916 Wajerumani walipofukuzwa Kigoma, waliizamisha wenyewe meli yao, Graf von Götzen. Lakini kwanza walizipaka injini mafuta mazito, maana walitumaini kurudi. Hawakurudi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Ikiwa mtu anayekimbia vita alikumbuka kupaka injini mafuta, sisi wenye nchi tutashindwaje wakati wa amani?

Hata hivyo, tusijipongeze mno. Toka 2014 hadi 2020 ni miaka sita. Fedha zilizotumika ni jasho la mkulima wa mpunga na pamba, na fundi mkuu alitoka ng'ambo. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, nasi tulijenga ukuta.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, sehemu ya nauli iwekwe kando kila mwaka kwa matengenezo, wala isiguswe kwa kazi nyingine. Pili, kila mkataba na fundi mgeni uwaweke vijana wetu ubavuni mwake, wakishika spana, si ufagio. Tatu, hesabu za meli zitangazwe wazi, ili mwanachama wa tawi lolote, hata la huku kusikoonekana ziwa, azisome na kuuliza. Mali bila daftari huisha bila habari.

Ndugu zangu, anayetaka kuiuza mali ya umma mara nyingi ndiye aliyeshindwa kuitunza. Tusimwachie mizani.

Uhuru na Kazi!

Mwanachama,
Kagongwa