Sahihi ya Wazazi Haifuti Haki ya Mtoto

Wako watu wanaotoka kwenye talaka na karatasi yao ya mapatano mkononi, wakidhani maneno yote yamekwisha. Mgawanyo wa mali kwa kawaida husimama. Matunzo ya mtoto ni habari nyingine, na yafaa wazazi wa Tanzania waijue kabla hawajashika kalamu.

Sharti baya kuliko yote ni hili: mama huambiwa, "Mchukue mtoto, ila usinidai hata senti." Naye, kwa hofu ya kunyang'anywa mwanawe, hutia sahihi. Baba huenda zake akijiona amefunguliwa. Hajafunguliwa! Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtwika mwanamume wajibu wa kumtunza mtoto wake, awe anakaa naye au anakaa kwa mwingine. Kweli, sheria hiyo huyapa makubaliano nafasi yake. Lakini inaipa mahakama uwezo wa kuyabadili wakati wowote, hata kama yenyewe yanakataza, ikiridhika kuwa ni jambo la busara na lenye manufaa kwa mtoto. Na ndivyo ipasavyo: waliopatana ni wawili, atakayelala njaa ni wa tatu, naye hakuulizwa.

Mapatano yakishakuwa amri ya mahakama, anayetaka kuigeuza lazima aonyeshe kwamba hali imebadilika sana, au kwamba amri ilisimama juu ya uongo au kosa. Hapo wengi hukwama. Utaonyeshaje mabadiliko ikiwa karatasi haisemi hali ya mwanzo ilikuwaje? Imeandikwa "baba atatoa shilingi 50,000 kwa mwezi", basi. Kipato chake cha siku ile hakimo, wala nani atanunua sare, wala nani atalipa hospitali. Elimu bila ada haimvishi mtoto viatu. Yaandikeni hayo siku ya kupatana, mngali mnasikilizana.

Nawe baba uliyeachishwa kazi, usipunguze kimyakimya. Amri haibadiliki kwa maneno ya simu. Deni litazidi kulimbikizana juu yako. Nenda mahakamani na barua yako ya kuachishwa kazi, maana mahakama iwezayo kuongeza ndiyo iwezayo kupunguza. Mama naye asione haya kurudi kwa hakimu mtoto akiingia sekondari, wala asikubali kunyamazishwa kwa kuambiwa kwamba alikwishatia sahihi.