Vidonge Havitengenezi DNA
Makala iliyodai kwamba uzee huletwa na sumu za nje tu, na kwamba vidonge vya vitamini huzizima, imewapotosha wasomaji. Moshi na jua kali vinadhuru, kweli. Lakini Tomas Lindahl, mzaliwa wa Uswidi aliyetunukiwa Nobel ya Kemia mwaka 2015 pamoja na Paul Modrich na Aziz Sancar, alionyesha kuwa DNA huharibika yenyewe. Maji yaliyomo ndani ya seli yanatosha kuivunja. Tunaishi kwa sababu vimeng'enya hukata kipande kibovu na kuziba pengo, kila siku.

Aliyerithi nakala mbovu za jeni ya WRN, inayosaidia ukarabati huo, moja kwa baba na nyingine kwa mama, huota mvi na kupata mtoto wa jicho mapema mno. Kidonge gani cha dukani kitamrekebishia jeni hiyo?

Tena madai kuhusu vidonge yalikwisha kupimwa. Huko Ufini, wanaume wavutaji sigara waliopewa vidonge vya beta-karotini waliugua saratani ya mapafu zaidi kuliko wasiopewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994. Mwandishi wa makala hiyo alipaswa kuyataja kabla ya kuwashauri wavutaji wanunue vidonge hivyo.