Kiharusi Kwale: Shilingi ya Kwanza Iende Kijijini

Tangu huduma za afya zikabidhiwe kaunti mwaka 2013, siasa za afya Pwani zimezoea kujipima kwa vitu vinavyopigwa picha: jengo jipya, ambulensi, mashine inayozinduliwa kwa kukatwa utepe. Kiharusi ni ugonjwa unaoufichua udhaifu wa kipimo hicho. Huja ghafla, humwacha mtu na upande mmoja uliolegea na ulimi mzito, na jamaa hudai, kwa haki kabisa, mashine na madaktari bingwa karibu na nyumbani. Lakini Kwale, kaunti iliyohesabiwa watu 866,820 katika sensa ya 2019, haina fedha za kufanya yote kwa pamoja. Swali ni shilingi ya kwanza iende wapi. Utafiti wa ubongo wa miaka thelathini iliyopita, ukisomwa pamoja na ramani ya Kwale, unatoa jibu ambalo halipendezi sana jukwaani: iende kwenye dawa ya presha katika zahanati na kwa mtaalamu wa fiziotherapia anayemfuata mgonjwa kijijini, kisha ndipo zifuate mashine za gharama kubwa.

Tuanze na saa. Kiharusi kina sura mbili: mshipa wa ubongo kuziba, au mshipa kupasuka na damu kuvuja. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda humpunguzia mgonjwa ulemavu akiipata ndani ya saa tatu tangu dalili zianze. Mwaka 2008 utafiti wa Ulaya ukauongeza muda huo hadi saa nne na nusu. Haraka hiyo ina sababu. Daktari Jeffrey Saver alikadiria mwaka 2006 kwamba mshipa mkubwa ukiziba, ubongo hupoteza takriban seli za neva milioni 1.9 kila dakika. Sasa tazama ramani. Mtu wa ndani ya Kinango, au wa Vanga kule mpakani, huamka alfajiri mkono haunyanyuki, na hakuna ajuaye dalili zilianza saa ngapi usiku. Gari litafutwe, barabara ya vumbi ipitwe, hospitali ya Msambweni ifikiwe au safari iendelee hadi Mombasa kwa feri ya Likoni au kwa barabara ya Dongo Kundu. Huko bado apigwe picha ya CT, kwa maana dawa hiyo ikipewa mtu ambaye mshipa wake umepasuka, inaweza kumuua. Nao waliopasuka mishipa si wachache: katika utafiti mkubwa wa SIREN, uliofanywa Nigeria na Ghana na kuchapishwa mwaka 2018, walikuwa karibu theluthi ya wagonjwa. Kwa hiyo hata mashine ikiwa tayari mchana na usiku, na dawa hiyo ya bei kali ikiwepo, watakaofika kwa wakati na kufaa kuipokea watakuwa wachache.

Kinyume chake, chanzo kikuu cha kiharusi, presha ya juu, kinajulikana na kinapimika kwa chombo cha kubebwa mkobani. Kati ya 2003 na 2006, Richard Walker na wenzake walihesabu viharusi vipya katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na katika eneo la Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya takriban 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam takriban 316, kiwango kinachozidi cha nchi nyingi tajiri. SIREN iliitaja presha kuwa mbele ya visababishi vingine vyote. Hapa Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 uligundua kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa hata mara moja. Kadiri Ukunda na Diani zinavyogeuka mji, kwa chakula cha kukaanga barabarani, chumvi nyingi na kazi za kukaa, ndivyo zinavyoelekea kwenye hesabu ya Dar es Salaam na kuiacha ya Hai.

Nyenzo za kuipima presha hiyo vijijini tayari zimeanza kugawiwa. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote, kila mmoja na mkoba wenye mashine ya presha na kipimo cha sukari, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi ambayo serikali kuu na kaunti zinachangia nusu kwa nusu. Kipimo chenyewe ni rahisi lakini kina adabu yake: mtu aketi akiwa ametulia dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono umelazwa usawa wa moyo, asiongee, kisha kirudiwe, maana aliyetoka kuchota maji au kupanda bodaboda atasomeka juu bila kuwa mgonjwa. Kwamba ziara za nyumbani huzaa matunda si dhana tu. Utafiti uliofanywa vijijini Bangladesh, Pakistan na Sri Lanka, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2020, uliwatumia wahudumu wa kijiji kupima presha nyumba kwa nyumba na kuwaelekeza wagonjwa kliniki. Baada ya miaka miwili presha yao ilikuwa imeshuka kuliko ya wenzao waliohudumiwa kwa utaratibu wa kawaida. Sharti ni moja. Mkono mtupu haulambwi: mtu akiambiwa presha yake ni 180, akatembea hadi zahanati na kukuta rafu haina dawa ya presha kama amlodipini, hatarudi tena, wala jirani yake hatakubali kupimwa.

Upande wa kupona nao unaelekea huko huko. Mwaka 1996 Randolph Nudo na wenzake, katika jarida la Science, walieleza walivyosababisha kiharusi kidogo katika sehemu ya ubongo wa nyani inayoendesha kiganja. Nyani waliokosa mazoezi walipoteza hata eneo jirani lililokuwa zima. Waliofunzwa kuchomoa vipande vya chakula kwenye vishimo vidogo, tena na tena, walilihifadhi eneo hilo, na kwa baadhi yao likapanuka. Kwa binadamu, utafiti wa EXCITE wa mwaka 2006 uliwachukua watu 222 waliopata kiharusi miezi mitatu hadi tisa nyuma, ambao mkono ulikuwa bado na uhai kidogo. Kwa kundi moja lao, mkono mzima ulivalishwa glavu nene kwa muda mwingi wa siku kwa wiki mbili, na ule dhaifu ukafanyishwa kazi hadi saa sita kwa siku. Kundi hilo lilipiga hatua kubwa kuliko wenzao wasiofanyishwa hivyo, na mwaka mmoja baadaye nafuu ilikuwa bado ipo. Ubongo hujipanga upya kwa kazi yenye maana inayorudiwa mara nyingi. Nyumba ya Mdigo au Mduruma imejaa kazi hizo: kufunga leso, kukuna nazi mbuzi ikiwa imeshikiliwa na mwingine, kusuka ukili, kuchambua mchele. Kinachokosekana ni mtu wa kusema zoezi lipi lianze, lirudiwe mara ngapi, na lini liongezwe uzito.

Hapa ndipo pingamizi zito zaidi linapoingia. India ilijaribu njia inayofanana na hii. Utafiti wa ATTEND, uliochapishwa mwaka 2017, uliwafunza jamaa za wagonjwa katika hospitali 14 ili wawafanyishe mazoezi nyumbani, na baada ya miezi sita hapakuwa na tofauti yoyote ya vifo wala ulemavu kati yao na wasiofunzwa. Matokeo hayo hayafai kufichwa. Lakini jamaa walipewa saa chache za mafunzo na ziara chache za nyumbani, kipimo kilicho mbali na saa nyingi za EXCITE. Tena utafiti wa AVERT wa mwaka 2015, wenye wagonjwa 2,104, ulionyesha kwamba kumsimamisha mgonjwa mara nyingi ndani ya saa 24 za kwanza kunaweza kumdhuru. Zoezi basi ni dawa yenye kipimo chake na wakati wake, na kumtupia mke au binti kazi hiyo kisha tukaiita huduma ya jamii ni kuokoa fedha kwa jasho la wanawake. Ninachokitetea ni mtaalamu mwenye mshahara, mwenye pikipiki na ratiba ya vijiji, anayerudi kwa mgonjwa yule yule kwa miezi. Jamaa wawe wasaidizi wake.

Wengine watasema watu watakwenda kwa mganga kwanza, kwani mtu akipooza ghafla huambiwa amepigwa na jini. Imani hiyo ipo. Utafiti wa Gerry Mshana na wenzake wa mwaka 2008 uliikuta imeenea Dar es Salaam, mjini kabisa, ilhali watu wa Hai vijijini walitaja zaidi presha na vyakula vya mafuta. Kwa hiyo si suala la ushamba. Anayetafuta kombe na anayetafuta kidonge mara nyingi ni familia moja, na mwenye nafasi ya kuwashawishi wasichelewe hospitali ni yule jirani aliyekuwa akiwapima presha kabla ya msiba, mtu wanayemjua kwa jina.

Linabaki pingamizi la heshima: kwa nini mtu wa Kinango aridhike na pikipiki ilhali wa Nairobi ana mashine? Asiridhike. Picha ya CT ni haki yake, na majeruhi wa ajali za bodaboda wanaovuja damu kichwani wanaihitaji kama wa kiharusi. Ninachopinga ni mpangilio unaoanza na mashine na kuahidi dawa za presha bajeti ijayo, kila mwaka. Wawakilishi wa wadi wanaopitisha bajeti ya Kwale wadai hesabu mbili zisomwe hadharani kila mwaka, wadi kwa wadi: wangapi waliogunduliwa kuwa na presha sasa wako chini ya 140 kwa 90, na wangapi waliopata kiharusi walitembelewa na mtaalamu wa fiziotherapia ndani ya mwezi wa kwanza wa kurudi nyumbani. Kaunti isiyoweza kuzitaja hesabu hizo haijaanza kupambana na kiharusi, hata ikiwa na mashine ngapi.