Theluji ya Machi, manjanja ya Kasongo

Machi ni mwezi wa kelele Kasongo. Mvua ilianza Septemba na itatuacha Mei, kisha kiangazi kitaleta vumbi la barabara ya Kabambare hadi ndani ya sahani. Lakini kwa sasa ndiyo imeshika. Kila alasiri wiki hii upepo umetangulia, migomba ikachanika majani, halafu manjanja yakapigwa mpaka watu waliokaa baraza moja wakawa wanasemezana kwa mikono. Sokoni wauza mchele hufunika magunia kabla ya tone la kwanza. Asiyejua kusoma mawingu yanayotoka upande wa Kabambare hauzi mchele, anauza uji.

Simu ya nyumbani nayo ina masika yake. Mdogo wangu anaishi Buffalo, jimbo la New York, na wiki hii ametuma video za theluji moja baada ya nyingine: gari limezama hadi vioo, mlango haufunguki, mtoto wake amevaa nguo nyingi hadi hawezi kukunja mikono. Makoti walikuwa wamekwisha kuyaweka kabatini. Kalenda ya kule inamaliza baridi Machi 20, ila Ziwa Erie halifuati kalenda. Hewa baridi kutoka Kanada ikipita juu ya maji ambayo hayakuganda huzoa mvuke, na ikifika nchi kavu huumwaga juu ya mitaa michache, wakati mtaa wa jirani jua linawaka. Hilo la mwisho halikumshangaza mtu hapa. Nasi tumeona mvua ikilowesha soko na kuacha misheni kavu.

*

Nilimshikia bibi simu aone. Akatazama, akasogeza uso, akauliza: «Nani amemwaga pamba yote ile?»

Sikujua kwamba alikuwa hatanii. Kwa mawazo alikuwa amekwisha kufika Kabambare, miaka ya 1950, kwenye shamba la baba yake. Kilimo cha lazima kilikuwa kimeingia zamani kidogo: amri ya mwaka 1917 iliwapa watawala wa Kibelgiji nguvu ya kuwalazimisha wanakijiji kulima mazao yaliyotakiwa hadi siku 60 kwa mwaka, na wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1942, siku hizo zikapandishwa kuwa 120. Maniema ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kupandishwa pamba. Bibi hajui tarehe za amri. Anajua kwamba shamba lilipimwa kwa kamba, na kwamba asiyepalilia aliitwa mbele ya watu.

Mwaka anaoukumbuka, vitumba vilikuwa vimefunguka na watu walikuwa wamekwisha kuiaga mvua. Ikarudi. Ilikuja usiku na upepo, ikaivua pamba kwenye miti na kuilaza kwenye potopoto, shamba zima likawa jeupe chini badala ya juu. Pamba iliyolowa na kuchafuka mnunuzi aliiweka daraja la pili, na bei ya daraja la kwanza yenyewe haikuwa ya kumtoa mtu kitandani. Kwa hiyo baba yake aliwaamsha wote, wakaokota kwa mwanga wa vijinga vya moto, wakaitandaza juu ya mikeka ndani ya nyumba. Usiku ule na usiku uliofuata pamba ililala ndani, watu wakalala barazani.

Nimeishi na bibi maisha yangu karibu yote na sikuwahi kusikia habari hii. Alipomaliza aliomba aonyeshwe tena video, akaniuliza kama wale watoto wa Buffalo watalipwa. Nikamwambia hiyo haiuzwi. Akasema basi ni kazi bure, na mtu wa serikali aliyewalazimisha ana roho mbaya.

*

Nimeanza kuelewa kwa nini video hizi zinakuja nyingi kiasi hiki. Kati ya aliyeondoka na aliyebaki, mazungumzo mengi yana bei. Ukiuliza hali, jibu linaelekea kwenye karo. Ukitaja ugonjwa, aliye kule anaanza kupiga hesabu kimya kimya. Ukimsifu mtoto wake, unasikika kama unatengeneza njia. Hata kimya kina deni ndani yake. Theluji peke yake haiombi kitu wala haiahidi kitu. Mtu anaweza kutuma theluji mwisho wa mwezi, mfukoni hana kitu, na bado akaonekana ametuma. Nasi tunajibu kwa sauti ya mvua kwenye manjanja, dakika nzima, hakuna anayesema neno. Na humo, katikati ya habari isiyo na gharama, ndimo zinapopenya zile ambazo hakuna aliyekusudia kuzisema.

Ujumbe wa mdogo wangu hufika alfajiri, akiwa anarudi kutoka kazini usiku wa kwao. Tofauti ilikuwa saa saba. Tangu katikati ya Machi ni sita, maana kule wamesogeza saa zao mbele. Bibi hataki kabisa kuelewa jambo hili. Saa, anasema, haina miguu.

*

Kwa wapenda historia. Tangu Machi 11 hadi 14 mwaka 1888, theluji ya mwisho wa baridi iliiziba New York. Waya za telegrafu zikaanguka barabarani, na pwani yote ile ya mashariki ya Marekani watu zaidi ya 400 wakafa. Majira hayo hayo mkubwa wa mji wetu, Hamed bin Muhammad, yaani Tippu Tip, alikuwa hapa Kasongo. Mwaka mmoja nyuma Mfalme Leopold wa Ubelgiji alikuwa amemfanya liwali wa Stanley Falls, na msafiri Stanley alikuwa ameagana naye kuhusu wapagazi. Wapagazi hawakufika kwa wakati, na mnamo Aprili ofisa mmoja wa kikosi cha nyuma cha Stanley, Jameson, alikuwa hapa Kasongo akiwadai.

Stanley mwenyewe alikuwa mbali kaskazini-mashariki, karibu na Ziwa Albert, na mwezi uliofuata ndipo aliuona Ruwenzori. Anasimulia kwamba kijana mmoja alimwonyesha mlima ambao watu walisema umefunikwa na chumvi. Ilikuwa theluji, nayo ipo hadi leo mpakani mwetu na Uganda, kilele cha Margherita kikiwa mita 5,109. Mimi naiamini ile chumvi. Bara lote hili chumvi ilikuwa mali ya kusafiriwa, kama pamba ilivyokuwa mzigo wa bibi. Mtu akiona weupe asioujua, macho yanatafuta kwanza kile ambacho mabega yamewahi kubeba.

*

Kuhusu radi. Anayedhani tunatia chumvi tukisema radi za Maniema hazina mfano, apewe takwimu. Watafiti waliokusanya picha za setilaiti za miaka 1998 hadi 2013 waliorodhesha mahali panapopigwa radi zaidi duniani. Pa kwanza ni Ziwa Maracaibo, Venezuela, miali kama 233 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Pa pili ni Kabare, Kivu ya Kusini, 205. Pa tatu ni Kampene, hapo teritwari ya Pangi, jirani zetu wa kaskazini: karibu 177. Hewa yenye unyevu ya msitu inakutana na milima ya mashariki, inapandishwa, na kufikia alasiri mbingu imejaa umeme.

Nyumbani hata hivyo takwimu haijafika. Ngurumo ikianza, bibi anageuza kioo kitazame ukuta, anazima redio, anamfukuza mwenye nguo nyekundu atoke mlangoni. Na radi ikimuua mtu, swali la kwanza mtaani ni nani aliyeituma. Wapo waliopigwa na kuhamishwa kijiji kwa jibu la swali hilo. Hapa sina heshima kwa mila: mwenye mlima na unyevu hahitaji adui. Kugeuza kioo kwenyewe sikuwahi kukukataza, hakumdhuru mtu.

*

Mgeni aliyekaa Kabambare muda mrefu kuliko alivyotaka ni Livingstone. Alifika Bambarre, kama alivyoiandika, mwaka 1869, na kuanzia Julai 1870 vidonda vya miguu vikamfungia humo kwa miezi. Alilishwa na wafanyabiashara Waarabu na Waungwana ambao biashara yao ya watumwa aliichukia. Anasema alipokuwa Manyema alisoma Biblia yote mara nne. Mtu wa Blantyre, Uskoti, aliyezoea tangu utotoni kufungiwa ndani na baridi, akakuta mvua na miguu vinafanya kazi ile ile. Februari 1871 aliondoka kuelekea Nyangwe.

*

Siyo kila theluji ni ya kucheka. Kabla ya Noeli ya 2022 tufani iliishika Buffalo kwa siku kadhaa. Uwanja wa ndege ulipata theluji ya sentimita 132, na katika wilaya ya Erie walikufa watu 47. Mmoja wao alikuwa kijana mkimbizi kutoka Kongo, aliyetoka nje kutafuta chakula. Tangu hapo mdogo wangu haruhusu nyumba ikose mchele, na mke wake anamcheka kwamba amegeuza chumba cha wageni kuwa ghala.

Yeye na mimi hatukukulia mahali pamoja. Vita ilipofika Kabambare, mama alikimbia na watoto wadogo, wakavuka Tanganyika, wakaishia Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 huko Kasulu, mkoa wa Kigoma. Mimi nilibaki kwa bibi. Utoto wake wa kambini naujua kwa vipande, maana mama hakupenda kuusema. Wiki hii, baada ya video ya gari, mdogo wangu akatuma ujumbe wa sauti. Upepo ulikuwa unatikisa madirisha, anasema, naye akajikuta ameamka, amesimama, kiganja kimeegemea ukuta. Mtoto wake akamuuliza: «Papa, unashika nini?»

Alikuwa anashika nguzo. Nyumba yao ya kwanza Nyarugusu ilikuwa miti na karatasi ya plastiki, na mvua ya usiku ikija mama alikuwa akisimama kushikilia nguzo ya kati hadi upepo upite, watoto wote wamelala miguuni pake. Walipopata nyumba ya matofali ya udongo, anasema, mama aliendelea kusimama. Hakuwaambia kwa nini, nao hawakuuliza.

Nilimchezea bibi ujumbe ule. Alisema tu kwamba huyo ni binti yake kweli, na akataka kujua kama nyumba ya Buffalo ina nguzo ya kati.

*

La mwisho ni la jikoni. Tulimtumia mdogo wangu chupa ya mawese kwa mkono wa msafiri, mawese mekundu ya Kasongo, siyo yale ya dukani ambayo mke wake anayaita rangi. Akaiweka karibu na dirisha. Asubuhi akapiga simu kwa hasira: mafuta yameharibika, yamekuwa magumu, yametoa rangi ya njano, msafiri ametuibia na kujaza kitu kingine. Bibi akanyang'anya simu. Akamwambia hapa pia Juni asubuhi mawese hushikana, aiweke chupa ndani ya maji ya moto, asiitie kwenye moto wala kwenye lile sanduku lao la umeme, na aache kumsingizia mtoto wa watu. Saa moja baadaye ikaja picha ya sombe. Bibi ameitazama sana na kutoa hukumu: maji mengi, na karanga hakuna.