Barua ya Wazi kwa Bunge la Marekani: Bastola Nayo Ni Bidhaa



Mwaka 2001 Tume ya Usalama wa Bidhaa ya nchi yenu ilikifungulia mashtaka kiwanda cha Daisy kwa sababu ya bunduki za upepo, zile ambazo vijana wa Marekani huzitumia kulenga makopo uani. Tume ilidai kuwa aina mbili za bunduki hizo zilikuwa na kasoro: kijigololi cha chuma kiliweza kunasa ndani, mtumiaji akaamini bunduki ni tupu, kumbe bado kimo. Tume ilitaja vifo visivyopungua 15. Shauri lilikwisha mwaka 2003 kwa makubaliano, kiwanda kikagharimia kampeni ya usalama.

Kasoro hiyohiyo ingekuwa kwenye bastola ya risasi za moto, Tume isingekuwa na la kufanya. Sheria iliyoiunda Tume hiyo mwaka 1972 ilizitoa silaha za moto katika maana ya bidhaa ya mlaji, na mwaka 1976 Bunge likaongeza kifungu cha kuizuia isiweke masharti juu ya silaha wala risasi. Ndiyo maana leo serikali kuu ya Marekani ina mamlaka ya kuagiza kibaniko cha mkate, kitanda cha mtoto au bunduki ya upepo irudishwe kiwandani, lakini haina chombo chenye mamlaka ya kuagiza hivyo kwa bastola inayofyatuka yenyewe.

Mzigo wa pengo hilo unamwangukia zaidi mnunuzi wa bastola ya bei ya chini.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 1968 ilizuia bastola ndogo hafifu zisiingizwe kutoka nje. Za kutoka ng'ambo zikawekewa vigezo vya ukubwa na vya usalama. Zinazotengenezwa nyumbani zikaachwa. Mwanya huo ulipata wenyewe upesi. Mwaka 1970 George Jennings alianzisha Raven Arms huko Kusini mwa California, na baada yake wakafuata ndugu, wakwe na marafiki, kila mmoja na kiwanda chake: Jennings, Davis, Lorcin, Bryco, Phoenix. Mtafiti Garen Wintemute wa Chuo Kikuu cha California, Davis, aliviandikia ripoti mwaka 1994 akaviita "Pete ya Moto", kwa jinsi vilivyolizunguka jiji la Los Angeles. Havikuwa vya kudharauliwa: mwaka 1993 Lorcin iliongoza viwanda vya Marekani kwa wingi wa bastola ilizotengeneza. Nyingi za bastola hizo mtu alizipata dukani kwa chini ya dola 100.

Siri ya bei ilikuwa kwenye madini. Fremu na slaidi, ile sehemu ya juu inayokwenda nyuma na mbele, hazikuchongwa kutoka chuma cha pua. Zilimiminwa kwa zamaki, aloi ya zinki yenye alumini na shaba kidogo, ileile inayotengenezewa vitasa vya milango na vigari vya kuchezea. Zamaki huyeyuka kwenye nyuzi kama 380 hivi za Selsiasi, kwa hiyo humiminwa kwenye kalibu kwa maelfu, na saa za fundi hupungua. Lakini ni laini kuliko chuma cha pua. Bastola ikipigwa mara nyingi, sehemu zinazosuguana hulika. Juu ya hayo, nyingi za kundi hili hazikuwekewa kizuizi cha ndani cha kuishika pini inayogonga risasi, kwa hiyo ikidondoka sakafuni na risasi imo chemba, pini inaweza kwenda mbele kwa kishindo chake tu.

Hatari ya pili ni kukwama. Ganda halitoki, risasi inayofuata inabanwa, slaidi inasimama katikati. Kwenye uwanja wa shabaha hilo ni kero. Kwa aliyeinunua ili ajikinge na mwizi saa nane za usiku, hapo ndipo fedha yake inapopotea, na pengine uhai wake. Na mtu anayehangaika kuitoa risasi iliyokwama, mikono ikitetemeka, ndiye aliye karibu zaidi na ajali.

Yaliyotokea Willits, California, mwaka 1994 yanaonyesha jinsi hatari hizo mbili zinavyokutana. Katika nyumba moja kulikuwa na bastola ya Bryco, Modeli 38. Kijana wa miaka 20, rafiki wa familia, alitaka kuitoa risasi ili pasiwe na hatari. Bastola hiyo ilikuwa na sefti, kifungio cha kuizuia isifyatuke, ila kwa muundo wake slaidi haikuvutika sefti ikiwa imefungwa. Ilikuwa lazima kwanza kuiweka tayari kwa kupiga, ndipo uipakue. Alipoifungua ikafyatuka. Risasi ilimpata mtoto wa miaka 7, akapooza kuanzia shingoni kwenda chini.

Baraza la mahakama lilisikiliza mafundi wakieleza kwamba muundo huo wa sefti ulihusiana na tatizo la bastola kukwama: kiwanda kiliibadilisha sefti badala ya kulitibu tatizo lenyewe. Mwaka 2003 likaamua kwamba kati ya fidia yote, kama dola milioni 24 ziwe juu ya kiwanda, mwenye kiwanda Bruce Jennings na washirika wao. Haukupita muda, wakaomba kutangazwa wamefilisika. Mwaka 2004 mali ya Bryco ilipopigwa mnada, kijana yule aliyepooza alijaribu kuinunua kwa michango ili bastola zilizosalia ziyeyushwe. Alishindwa. Aliyekuwa msimamizi kiwandani hapo, Paul Jimenez, alipanda dau hadi kama dola nusu milioni, na bastola za muundo uleule zikarudi sokoni kwa jina la Jimenez Arms. Kampuni hiyo nayo iliomba ulinzi wa wafilisi mwaka 2020.

Atakayesema hayo ni ya zamani na yamekufa na viwanda vyake, atazame suala la Taurus, kampuni kubwa ya Brazil inayouza bastola za bei nafuu nchini mwenu. Mwaka 2013 naibu sherifu mmoja wa Iowa alikuwa akimkimbiza mtuhumiwa kwa miguu. Bastola yake ya Taurus ikachomoka kwenye ala, ikaanguka chini, ikafyatuka na risasi ikagonga gari lililokuwa karibu. Alifungua kesi kwa niaba ya wamiliki wote, na mwaka 2015 kampuni ikaafikiana nao bila kukiri kosa. Makubaliano yaligusa aina tisa za bastola, karibu milioni moja kwa idadi. Hiyo ilikuwa kazi ya mawakili. Wakala wa serikali mwenye kazi ya kupokea malalamiko, kuipima bastola na kuamuru irudishwe hakuwepo, na hata sasa hayupo.

Wapo watakaouliza: je, barua hii inataka maskini wanyang'anywe silaha pekee wanayoimudu? Swali hilo lina historia, kwa kuwa sheria za kupiga vita bastola rahisi zimewahi kushukiwa, na kwa haki, kwamba zililenga Wamarekani weusi. Majimbo ya South Carolina, Illinois, Minnesota na Hawaii yalichagua kipimo cha joto la kuyeyuka: aloi inayoyeyuka chini ya kiwango fulani haipiti. Kipimo hicho kinahukumu madini tu, hakijui kama bastola ni salama. Kampuni ya Hi-Point ya Ohio hutumia zinki vilevile, bei yake ni ya chini, na hutoa dhamana ya maisha ya bastola. Bei ndogo peke yake si kosa.

California ilichukua njia bora zaidi. Sheria iliyotiwa saini mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001 inataka bastola ipimwe maabara kwa yale mawili yanayomhusu mtumiaji. Bastola tatu za kila aina hupigwa risasi 600 kila moja, na ikikwama zaidi ya mara sita imeanguka mtihani. Kisha hudondoshwa kwenye zege kutoka kimo cha kama mita moja, katika mikao mbalimbali, ikifyatuka, haiuzwi.

Barua hii inaandikwa kwa Kiswahili kwa sababu Wakenya, Watanzania na Wakongo nao ni wanunuzi katika maduka hayo. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kisheria kununua silaha. Anayefunga duka usiku au anayeendesha teksi hufikiria kinga, na mshahara humpeleka kwenye rafu ya chini. Aliyetoka Tanzania, ambako sheria ya silaha ya mwaka 2015 humtaka apate kibali kabla ya kumiliki, ni rahisi kudhani kwamba duka lenye leseni linauza kitu kilichokaguliwa. Leseni ya Marekani humkagua mwuzaji na mnunuzi. Bastola yenyewe, nje ya majimbo machache, haikaguliwi na mtu.

Mbunge John Dingell wa Michigan ndiye anayetajwa zaidi kuwa nyuma ya kifungu cha 1972. Miaka mingi baadaye mkewe, Debbie Dingell, aliyemrithi kiti, aliwasilisha muswada wa kuiondoa kinga hiyo, lakini haukupita. Yanayoombwa hapa ni matatu. Kwanza, kinga hiyo ifutwe, ili Tume iweze kuagiza bastola yenye kasoro irudishwe, bila kugusa haki ya mtu kumiliki silaha. Pili, vipimo vya kupiga na kudondosha viwe vya nchi nzima, kwa bastola ya dola 150 na ya dola 1,500. Tatu, kila kiwanda kilazimishwe kutoa taarifa za ajali na malalamiko kwa sajili moja ya wazi, ambayo mnunuzi ataweza kuifungua kwenye simu akiwa bado dukani, kabla hajalipa.