"Data Iko Salama" Hainiwashii Stima

Wasee, kuna sentensi moja nimechoka kuisikia: "Sistimu inasumbua, rudi kesho." Benki, hosi, kampasi, ofisi ya serikali, ni wimbo ule ule. Na unaambiwa na mtu mwenye uso mkavu kabisa, kama anakueleza kuwa mvua imenyesha. Manze, mvua ni ya Mungu. Sistimu ina mwenyewe, na huyo mwenyewe analipwa.

Mnakumbuka Julai 2023? Mwisho wa Juni serikali ilikuwa imezindua huduma zaidi ya 5,000 kwa eCitizen, kwa mbwembwe zote. Hata mwezi haujaisha, ikashambuliwa. Kundi linalojiita Anonymous Sudan likajitokeza kusema kazi ni yake. Na haikuwa uchawi. Unamwagia seva maombi ya bandia mpaka mteja wa kweli hapati nafasi, kama watu elfu moja wajipange mbele ya duka na hakuna anayenunua kitu. Tokeni za stima zikawa shida kununua, tiketi za SGR pia, na wageni wakaambiwa watapewa visa wakishafika. Waziri wa ICT wakati huo, Eliud Owalo, alikubali kuna shambulio, lakini akasema hakuna data iliyopotea.

Sawa, haijapotea. Mimi niko gizani na mita inasoma sifuri. Data yangu kuwa salama mahali nisipoweza kuifikia inanisaidia na nini?

Hapa ndipo wanatuchezea. Wanataka tuamini usalama wa data ni kuzuia wezi tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, yetu wenyewe, haisemi hivyo. Kifungu cha 41 kinataja pia uwezo wa kurudisha data ipatikane kwa wakati baada ya ajali, iwe ya mitambo au ya moto. Kwa hivyo ukiambiwa "rudi kesho" wiki nzima, hiyo si bahati mbaya. Kuna mtu hajafanya kazi yake.

Najua kuna mtu atasema hata wakubwa hupigwa. Kweli. Maersk, wale wenye kontena unazopishana nazo Mombasa Road, walipigwa na virusi vya NotPetya mwaka 2017. Walifunga upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa kama siku kumi. Kilichonishtua ni kwamba lile daftari la kidijitali linaloamua nani anaingia wapi kwa mtandao wao lilikuwa na nakala nyingi, lakini zote zilikuwa zimeunganishwa, kwa hivyo zote zikafutika. Ikabaki moja, Ghana. Unajua ilipona aje? Stima ilikuwa imepotea, mashine ikawa imezima virusi vilipopita. Kampuni nzima ya dunia iliokolewa na blackout!

Na si lazima awe hacker. Septemba 2025 moto ulichoma kituo cha data cha serikali huko Daejeon, Korea Kusini. Hifadhi ya faili za wafanyakazi wa serikali, terabaiti 858 hivi, ikaenda, na hakukuwa na nakala nje ya jengo. Hao ni Korea Kusini, buda.

Sasa rudi hapa kwetu. Paswadi imebandikwa kwa skrini. Bakapu ni hadi disk moja, imelala kwa droo ya meza ile ile yenye kompyuta. Mtu pekee anayeelewa sistimu "ametoka kidogo." Kampasi niliyoacha iliwahi kupoteza maksi za darasa letu lote, halafu ni sisi tukaambiwa tulete ushahidi kwamba tulikalia CAT. (Si hiyo ilinifanya niache, lakini pia haikunibembeleza nibaki.)

Kwa hivyo ofisi yoyote ikikudai kopi ya kitambulisho, usiulize kama wana bakapu. Wote watasema wanayo. Waulize: mara ya mwisho mlijaribu kurudisha data kutoka kwa hiyo bakapu ni lini, na iko jengo gani? Sistimu ikilala, kuna daftari la karatasi nihudumiwe nalo leo?

Nimeuliza ofisi mbili wiki hii. Moja ilicheka. Nyingine ilisema mwenye jibu ameenda lunch.